Sura ya Nne: Kanzu Tatu kwenye Roshani Moja

Kufika saa mbili na robo asubuhi hoteli nzima ilikuwa na habari kwamba kuna mama amepotea, na kila mtu alikuwa na habari yake. Mpishi wa mayai alisema ametekwa. Bawabu alisema amezama ziwani, akaonyesha kwa kidole mpaka mahali penyewe. Dada wa mapokezi alisema ni mapenzi tu, maana mwaka juzi kuna Mreno wa miaka sabini alitoroka na mvuvi wa hapahapa Tiberia, watu wakamtafuta siku mbili wakamkuta anapaa samaki. Mahujaji wenyewe, Wagiriki wa Saiprasi, walikuwa wamekaa ukumbini na mabegi yao magotini kama watu wanaosubiri majibu ya daktari. Kila aliyeulizwa na Inspekta Tannus alianza na maneno yaleyale.

"Jana tulikuwa naye."

"Wapi?"

"Kote. Nazareti, Kana, ziwani, Yordani. Tulikuwa naye."

"Alivaa nini?"

"Nyeusi."

"Alikaa na nani?"

Hapo kila mmoja alimtazama mwenzake.

Inspekta Tannus Rahhal wa polisi wa watalii, mtoto wa Nazareti, alikuwa mmoja wa watu wawili kituoni wanaojua Kigiriki. Alikuwa amesoma Thesaloniki miaka minne, akarudi bila shahada lakini na Kigiriki cha sokoni ambacho kingemtosha kugombana na muuza samaki yeyote kutoka huko mpaka Limasoli. Ndiyo maana kesi hii ilimwangukia yeye kabla hajamaliza kahawa.

Aliandika aliyoyajua. Aliyepotea: Evanthia, miaka sitini na nane, mshona mapazia, kutoka kijiji cha milimani juu ya Pafo. Chumba 214, cha mtu mmoja. Saa moja na nusu asubuhi mhudumu wa vyumba alipiga hodi, akafungua, akakuta kitanda kimenyooka kama alivyokitandika jana. Akashuka mapokezi mbio. Begi dogo jeusi la mama huyo lilikutwa ndani ya basi, kiti cha nyuma kabisa. Ndani mlikuwa na pasipoti, miwani, na kalamu mbili za insulini.

Hizo kalamu ndizo zilizonyamazisha watu. Mwezi wa nane, joto la digrii arobaini na moja kando ya ziwa, mtu wa kisukari hana dawa tangu jana, na hakuna anayejua tangu jana saa ngapi.

Mkuu wake hakupoteza muda. Dereva wa basi, Nakhle, alishachukuliwa kituoni, kwa sababu begi limekutwa ndani ya basi lake na funguo alilala nazo yeye. Wapiga mbizi wawili walishatumwa Yordani, pale mto unapotoka ziwani, mahali mahujaji wanapobatizwa.

"Mbona Yordani?" Inspekta aliuliza kwenye simu.

"Padri wao amesema alimbatiza kwa mikono yake saa tisa alasiri. Kwa hiyo mpaka saa tisa alikuwa hai. Baada ya hapo ni mto au ni dereva. Unalo jambo jingine?"

"Bado."

"Una mpaka saa sita."

Padri alikuwa anaitwa Loizos, mtu mkubwa, mwenye mabega ya mpakia mizigo. Inspekta alimkuta amesimama peke yake karibu na mashine ya barafu.

"Baba, una uhakika ulimzamisha?"

"Mwanangu, nilizamisha watu thelathini na mmoja. Kundi langu ni watu thelathini na mmoja, mimi sijihesabu. Mara tatu kila mtu, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Mara tisini na tatu. Muulize bega langu hili la kulia."

"Siulizi bega. Nauliza uso. Uliuona uso wake?"

Padri alijisugua bega. "Wakishavaa zile kanzu nyeupe, nywele zimelowa, maji yanawatoka puani, ni watoto wachanga. Wote wana sura moja. Lakini niliwahesabu. Thelathini na mmoja."

"Alikuwa akija kwako kuzungumza?"

"Nani?"

"Evanthia, Baba."

"Ni mtu mtaratibu," padri alisema. "Hana matatizo." Akatazama barafu.

Mwongoza watalii aliitwa Afif, jamaa wa Beit Sahur, shati limepigwa pasi, miwani ya jua juu ya kichwa hata ndani ya nyumba. Yeye na Inspekta walizungumza Kiarabu, na Kiarabu chao kilikuwa cha watu wanaojuana kwa sura.

"Afif, uliwahesabu watu kila kituo?"

"Abu Rahhal, miaka kumi na minne nafanya kazi hii. Sijawahi kuacha mtu."

"Sijakuuliza miaka. Uliwahesabu?"

"Basi haliondoki bila mimi kujua watu wametimia."

"Jana walitimia kila kituo?"

"Kila kituo. Walijibu wenyewe."

Inspekta aliliandika hilo la mwisho. Alitoka nje bustanini kuvuta sigara, maana ukumbini kulikuwa na macho sitini yanayomfuata kama kwamba yeye ndiye amemficha.

Kutokea bustanini, hoteli ilikuwa imegeuzia ziwa uso wake wote, ghorofa kwa ghorofa, roshani kwa roshani. Na kwenye roshani za ghorofa ya pili na ya tatu zilikuwa zimeanikwa kanzu nyeupe.

Inspekta alizijua kanzu hizo tangu utotoni. Bibi yake alikuwa na ya kwake sandukuni, na watoto walikatazwa kuigusa. Mtu wa dhehebu lao la Kiorthodoksi akiingia Yordani, kanzu aliyoingia nayo haifuliwi. Inakaushwa na maji yaleyale, inakunjwa, inarudi nyumbani, inasubiri siku ambayo mwenyewe atavalishwa na watu wengine. Ni sanda. Mtu hampi mwenzake kanzu ya Yordani, wala haisahau, wala haiachi chini ya kiti kama mwavuli.

Akaanza kuhesabu, sigara ikijichoma yenyewe.

Mahujaji walilala wawili wawili, vyumba kumi na tano. Roshani ya kwanza, kanzu mbili. Ya pili, mbili. Ya tatu, mbili. Akafika 214. Ilikuwa na kiti cha plastiki na kamba tupu. Akaendelea. Mbili, mbili, mbili. Ghorofa ya tatu, pembeni kabisa: tatu.

Akahesabu tena kutoka mwanzo kwa kidole, bawabu akimwangalia. Thelathini na moja. Hesabu ya padri ilikuwa sawa kabisa.

Alipanda ngazi mbilimbili.

Chumba kile kilikuwa cha Kristala na mumewe Kostakis, wenye duka la mikate huko Larnaka, yeye mnene na mume mwembamba, na wote wawili walikuwa wamerudi juu kwa sababu Kostakis amesahau dawa ya tumbo.

"Mama, kanzu zile ni za nani?"

"Hii yangu. Ile ya huyu."

"Na ya tatu?"

"Ya dada yangu." Kristala alijifuta macho hapohapo, alikuwa mtu wa machozi ya karibu. "Amelala kitandani mwaka wa tatu huu, miguu yote miwili. Hataiona Yordani. Nikaingia kwa ajili yangu, nikatoka, nikabadilisha, nikaingia tena kwa ajili yake. Baba Loizos hakujua. Ni dhambi?"

"Mimi ni polisi, mama. Kanzu ya pili uliinunua dukani pale?"

"Hapana. Ilikuwa kwenye boksi letu. Zile tulizoagiza kwa masista wa Nazareti. Ilibaki moja."

"Ilibaki vipi? Boksi lilikuwa na kanzu ngapi?"

"Thelathini na moja," Kostakis alisema kutoka bafuni. "Nilibeba mimi. Mgongo wangu ndio unaojua."

"Na watu thelathini na mmoja."

"Ndiyo."

Inspekta aliegemea mlango. Alisubiri. Kristala alikuwa bado anafikiria dada yake, kisha alikuwa hafikirii tena dada yake. Akakaa kitandani taratibu, kitanda kikalia.

"Panayia mou," alisema. Mama wa Mungu wangu. "Nilidhani wametuwekea ya akiba."

"Kila mtu alikuwa ameshavaa?"

"Kila mtu. Nikauliza, kuna ambaye hajapata? Wakasema wote wamepata. Nikaichukua." Akamgeukia mumewe. "Kostakis, nimeiba sanda ya mtu!"

"Nilikuambia."

"Uliniambia nini wewe? Ulikuwa unatafuta soksi!"

Inspekta alishuka akiwa kwenye simu. "Mkuu, waondoe wapiga mbizi majini. Hakufika Yordani."

"Padri—"

"Padri alimzamisha mwoka mikate mara mbili. Nitakueleza. Namhitaji dereva, na ninalihitaji basi."

Simu ya pili ilikwenda kwenye mkahawa wa samaki kando ya ziwa, ambako kundi lilikula saa saba mchana. Mwenye mkahawa alikuwa na sauti ya mtu aliyesimama karibu na mafuta yanayochemka.

"Wasaiprasi? Nawakumbuka. Thelathini na moja tuliandaa. Samaki mmoja alirudi jikoni mzima, na kichwa chake na limau yake. Nikasema kuna mtu amefunga. Nikampa paka."

"Ulimwambia mtu?"

"Nimwambie nani, Inspekta? Kwamba samaki hajaliwa?"

Kwa hiyo wala ziwani hakufika. Zilibaki Nazareti na Kana.

Nakhle aliletwa na gari la polisi saa nne kasoro. Alikuwa mtu wa Reine, kijiji jirani na Kana, mwenye sharubu, na kwa saa moja na nusu aliyokaa kituoni alikuwa amezeeka. Alipanda kwenye basi lake bila kumsalimu mtu, akashika usukani kwa mikono miwili.

"Pole, Abu Salim," Inspekta alimwambia, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Mke wangu ameshapigiwa simu na majirani watano. Wa tano alimuuliza kama atauza nyumba."

"Washa kiyoyozi. Afif, panda. Padri abaki na watu."

Basi la viti hamsini, watu watatu. Inspekta alitembea mpaka nyuma, akakaa kiti cha dirishani ambapo begi lilikuwa limekutwa. Kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu. Mbele yake kulikuwa na safu mbili tupu, kisha ndipo zilipoanza dalili za watu: taji la maua la plastiki, mfuko wa njugu, kofia. Kwenye wavu wa kiti mbele yake palikuwa na chupa ndogo ya maji. Aliitoa. Mtu alikuwa ameifunga kifuniko kwa uzi mweusi, mafundo matatu ya kishonaji, na kubandika kikaratasi: Kisima cha Bikira, Nazareti.

"Afif, chukua kipaza sauti."

"Cha nini?"

"Nionyeshe unavyohesabu."

Afif alicheka kidogo. Alipoona mwenzake hacheki, akachukua kipaza sauti. Akasimama pale mbele kama alivyosimama miaka kumi na minne, na sauti ikamtoka ya furaha, ya Kigiriki, bila kutaka.

"Ndugu zangu wapendwa! Kila mmoja amtazame jirani yake! Jirani yupo?"

Basi lilikuwa kimya.

"Endelea," Inspekta alisema kutoka nyuma. "Wao wanajibu nini?"

"Wanajibu, yupo."

"Kisha?"

"Kisha namwambia Nakhle, twende." Afif alishusha kipaza sauti. "Kila mtu anafanya hivyo, Abu Rahhal. Ukianza kuhesabu vichwa, huyu anainama kuchukua begi, yule yuko chooni, unahesabu mara nne, watu wanalalamika joto. Jirani hakosei. Mke akikosekana mume atasema. Rafiki akikosekana rafiki atasema."

"Nimekaa hapa. Nimetazama pembeni. Mimi jirani yangu ni nani?"

Afif alitazama kiti kile kitupu. Alivua miwani ya jua kutoka kichwani, akaishika tu.

"Thelathini na moja haigawanyiki kwa mbili," Inspekta alisema. "Thelathini wana wenzao. Umekuwa ukiuliza swali ambalo yeye hayumo ndani yake. Tangu siku ya kwanza."

"Siku sita," Afif alisema kwa sauti ndogo.

"Abu Salim, twende Kana."

"Mbona siyo Nazareti?" Nakhle aliuliza, lakini alishaingiza gia.

"Maji ya Nazareti yako hapa kwenye wavu. Aliyachota, akarudi, akakaa, akafunga uzi, akabandika karatasi. Halafu alishuka tena akaacha dawa, akaacha miwani. Mtu wa sukari haachi dawa yake isipokuwa anajua anarudi baada ya dakika kumi. Kituo kilichofuata kilikuwa Kana."

Barabara inapanda kutoka ziwani kwa kona ndefu, na joto linapungua kona kwa kona. Wakafika njiapanda ya Golani. Hapo Nakhle akakohoa.

"Inspekta. Jana pale Kana, wakati nafunga mlango, nilitazama kioo cha pembeni. Kulikuwa na bibi kizee amesimama kando ya ukuta. Nguo nyeusi, kitambaa cheusi."

"Kituoni ulisema?"

"Waliniuliza kama niligombana naye. Hawakuniuliza kioo." Akabadilisha gia. "Na kule Kana, ndugu yangu, nani asiyevaa nyeusi? Nusu ya bibi zetu wana msiba wa mwaka gani sijui. Nilisema ni mama wa hapahapa, anatazama basi. Wanapenda kutazama mabasi."

"Alikuwa mbali?"

"Hatua ishirini. Hakupunga mkono. Hakuita. Mtu akiachwa si anaita?"

Kana ilikuwa na msongamano wake wa kila siku: mabasi matano pua kwa mkia, wenye maduka ya divai wamesimama mlangoni na vikombe vidogo vya kuonja, na wazee wa Kipolandi wawili wawili wakitoka kanisani na vyeti vya kufunga ndoa upya, wake zao wakicheka kama mabinti. Afif alieleza haraka. Jana wenye ndoa waliingia kanisani na Baba Loizos kubarikiwa. Wasio na ndoa aliwapeleka dukani kuonja divai.

"Wote?"

"Niliwaambia wote."

"Divai ya Kana ni sukari tupu," Inspekta alisema.

Walishika njia ya ukuta wa kanisa la Waorthodoksi. Muuza makomamanga hakujua kitu. Muuza divai alimkumbuka: alimpa kikombe, akakikataa kwa mkono kifuani, akatoka. Saa ngapi? Kabla ya saa tano. Baadaye alimwona amekaa kwenye ngazi ya lango dogo la nyuma. Kila basi likipita anasimama, likishapita anakaa.

"Mpaka saa ngapi?"

"Mimi nilifunga saa kumi na mbili."

"Alikuwa bado yupo?"

Muuza divai alijikuna shingo. "Alikuwa amekaa tu, mzee. Hakuwa analia wala nini."

Lango dogo la nyuma lilitazamana na nyumba ya mawe ya chumba kimoja na jiko, na mlangoni kulikuwa na jozi mbili za viatu vya wazee, vyeusi vyote. Inspekta alitazama viatu vile. Akapiga hodi.

Aliyefungua alikuwa kikongwe mfupi mwenye ufagio mkononi. Kanzu yake nyeusi ilikuwa na nta ya mishumaa mapajani.

"Mmechelewa," alisema.

"Wewe ni—"

"Mama Jiryis. Ninafagia kanisa. Ingieni, viatu hapo. Wewe mwenye miwani, wewe ndiye wa kipaza sauti ninayekusikia dirishani? Mlango huo hapo, kaa nje."

Afif akakaa nje.

Evanthia alikuwa mezani, mkate, zeituni na jibini mbele yake, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri. Mkononi alikuwa na sindano na mapajani pazia la zamani la jikoni, na alikuwa anamalizia pindo lake. Alipoona sare ya polisi hakuinuka.

"Bi Evanthia," Inspekta alisema kwa Kigiriki. "Unajisikiaje? Sukari?"

Alikuwa wa kwanza kumsemesha lugha yake tangu jana saa nne, na mama huyo alichukua muda kuipokea.

"Ameniangalia vizuri," alisema, akimwonyesha mwenyeji kwa sindano.

"Alinionyesha kidole, akanionyesha tumbo," Mama Jiryis alidakia kwa Kiarabu, ingawa hakuwa ameulizwa. "Nikajua. Nami ninayo, mwaka wa ishirini na mbili. Nikafungua friji, nikamwonyesha kalamu yangu, akaangalia maandishi, akatikisa kichwa ndiyo. Tumechomana usiku na asubuhi. Nimempima, mia moja na themanini. Siyo mbaya kwa aliyekula mkate wangu."

"Mbona hukupiga simu polisi, mama?"

"Nilimpigia mwanangu Haifa, yeye ndiye anayejua namba za watu. Mara tatu. Hapokei, ana kazi." Alisogeza sahani ya zeituni bila sababu. "Na huyu aliniambia kwa mikono kwamba anasubiri. Mtu akikuambia anasubiri, utamwambia nani amfukuze?"

Inspekta alimpigia mkuu wake maneno sita, akaomba gari la wagonjwa lije kumpima mama, akakata. Halafu akavuta kigoda.

"Bi Evanthia, kuna mtu alikudhuru?"

"Hapana."

"Ulipotea njia?"

"Basi lilikuwa pale." Alionyesha dirishani. "Na mimi nilikuwa hapa ukutani. Nilikuwa natembea kwenda."

"Dereva anasema hukuita."

"Mlango ulikuwa wazi. Nikamsikia kijana anauliza, jirani yupo? Wakajibu, yupo. Wote kwa pamoja, kama wanafunzi." Alichoma sindano, akavuta uzi. "Nikasimama nione."

"Uone nini?"

"Kama kuna mtu atasema hayupo."

Nje Afif alikohoa. Basi jingine lilipita, na Evanthia akainua magoti kidogo kama mtu anayetaka kusimama, kisha akakumbuka.

"Nikafikiri watajua kwenye chakula," alisema. "Nikakaa. Nikafikiri watajua Yordani, kanzu yangu itabaki. Nikakaa. Jioni nikafikiri, mezani." Akamtazama Inspekta usoni kwa mara ya kwanza. "Wewe ni polisi, hutanidanganya. Walijua saa ngapi?"

Inspekta angeweza kusema jioni. Padri angeshika hadithi hiyo, na Kristala angeilia machozi mpaka iwe kweli.

"Leo asubuhi. Saa moja na nusu."

"Nani?"

"Mhudumu wa vyumba. Kitanda kilikuwa hakijalaliwa."

Mama huyo aliitikia kwa kichwa, mara mbili, kama mteja aliyeambiwa bei aliyokuwa ameikadiria. Akakata uzi kwa meno. Akakunja pazia, pindo juu, na kulisukuma mezani kuelekea kwa mwenye nyumba.

Mama Jiryis alikuwa akiiangalia midomo yao zamu kwa zamu tangu mwanzo, na sasa uvumilivu ulimwisha.

"Anasema nini? Hebu nitafsirie na mimi. Tangu jana nakaa na mtu ndani ya nyumba yangu sijui hata anaitwa nani."

"Anaitwa Evanthia."

"Evanthia." Alilijaribu jina mdomoni. "Mwambie basi. Mwambie ameongea usingizini usiku kucha. Maneno mengi, haraka haraka, kama yuko harusini. Mara ya kwanza nilishtuka, maana nyumba hii ina miaka tisa haijasikia mtu. Halafu nikawa namjibu. Anaongea, namjibu. Anaongea, namjibu. Mpaka alfajiri. Muulize tulikuwa tunazungumza nini."

Inspekta alitafsiri, neno kwa neno, hata la harusini.

Evanthia alibaki ameshika sindano. Uso wake ulianza kubadilika polepole, na kwa muda Inspekta hakujua kama ni wa kulia au wa kucheka.

"Mwambie sijui," alisema. "Mwambie nina miaka sitini na nane. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba naongea usingizini."